Mgongo wa Bendera Nyekundu

Baba alinunua ule mchezo zamani, kwa mzungu aliyekuwa akihama Kitisuru na kuuza vitu vya nyumba. Ni ubao na majeshi mawili, jekundu na la buluu. Cheo cha kila kipande kimechorwa upande mmoja tu, unaokutazama wewe. Mpinzani wako anaona mgongo mtupu, asijue kama anaendea jenerali au bomu. Kipande kimoja ni bendera; anayeikamata ya mwenzake ameshinda. Tangu utotoni hadi nilipoajiriwa ofisini mjini, sikuwahi kumshinda baba hata mara moja, na hakuchoka kunikumbusha.

Mwaka jana alipotea akiendesha gari kutoka sokoni Dagoretti kurudi kwake Jamhuri, njia aliyoizoea maisha yake yote. Kaka zangu wawili wakaitisha kikao Jumapili baada ya kanisa, wakamwomba funguo za gari. Baba akawaka.

"Kama niko na akili ya kupanga jeshi, niko na akili ya kuendesha gari," akasema. "Huyu dada yenu anishinde mara tatu mfululizo, hizo funguo nitatoa mwenyewe."

Kabla hatujaanza, nilivisafisha vipande kwa maji na sabuni, maana vilikuwa vimeshika vumbi la miaka. Vile vyekundu vilikuwa vyake siku zote. Uchafu ulipotoka, nikaona mgongo wa bendera yake una mkwaruzo mdogo. Baba ana mtoto wa jicho, hangeuona. Ningeweza kumwambia. Nilivikausha, nikavirudisha kwenye boksi, nikanyamaza.

Sitajisingizia kwamba nilihofia usalama wake barabarani. Hilo lilikuwa jambo la kaka zangu. Mimi, mama mzima wa watoto wawili, nilitaka kumshinda tu. Nilitaka kuuona uso wake akishindwa na mimi, na ninaona haya hata kuliandika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilitosha michezo mitatu. Wa kwanza nilijishika kidevu nikijifanya kuwaza, na bendera nilishaiona tangu alipoiweka. Wa pili aliihamishia kona nyingine, akaizungushia mabomu. Nikaifuata huko huko. Wa tatu alichukua muda mrefu kupanga, midomo ikimcheza kama anayesali, akaiweka mstari wa mbele kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu haweki bendera. Niliichukua kwa hatua chache.

"Umejuaje?" akaniuliza.

"Nimebahatisha tu, Baba."

Akaanza kurudisha vipande kwenye boksi. "Hapana. Si bahati. Ni mimi nimeisha."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua, nikauliza kama nimwongezee chai.

Jumapili iliyofuata alituita sote. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani na hakuketi. Aliwaambia kaka zangu kwamba amejua kwa miaka kuwa wao humwachia ashinde kwa kumhurumia, na kwamba hilo limemuuma kuliko kushindwa.

"Huyu peke yake ndiye amecheza na mimi kwa ukweli," akasema, akaninyooshea funguo.

Nilizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikamwambia asante.