Bi Kinu na Mashine Isiyotapishwa

Bi Kinu hakuitwa hivyo kwa kutwanga. Mikono ya kutwanga alikuwa nayo mama yake, mwanamke ambaye mchi wake ukianza kulia majirani walijua kumekucha. Yeye aliitwa Bi Kinu kwa sababu ya mashine ya kukoboa mpunga aliyoachiwa na marehemu mumewe, na jinsi alivyoringa nayo. Aliipangusa vumbi kama anayempangusa mtoto uso. Akienda safari ya msiba, akirudi huiamkia mashine kwanza, ndipo aende nyumbani akavue viatu.

Mwaka ule ng'ambo ya barabara ilifunguliwa mashine mpya, ya kijani, yenye feni ya kupuliza pumba nje. Wateja wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja. Bi Kinu alikuwa akikaa juu ya gunia tupu mlangoni, anajifanya anafungua mafundo ya kamba, kumbe jicho liko ng'ambo. Kila mkokoteni ukikata kona kuelekea kule, aliuhesabu.

Nusu ya mashine ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye pia ndiye fundi wake. Siku moja, akiwa ameinama kukaza mkanda, alisema bila kuinua uso.

"Shemeji, mimi sikufichi. Mavuno haya yakiisha na hali ni hii hii, tunaiuza. Kuna mtu anaitaka kwa bei ya chuma chakavu."

"Chuma chakavu ni wewe na huo mgongo wako!"

Fundi alicheka, lakini neno lake hakulirudisha. Tangu hapo Bi Kinu alikuwa anakula bila kujua anakula nini.

Ndipo ushirika wa wakulima ulipoleta mwalimu wa kuwafundisha biashara wenye mashine ndogo ndogo. "Mimi nikasomeshwe kukoboa na uzee huu?" aliuliza Bi Kinu, lakini siku ya kwanza alifika kabla ukumbi haujafagiliwa, amevaa viatu vyake vya harusini. Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani. Sauti yake ilikuwa ya upole, na maswali yake hayakukupa pa kujificha.

"Nataka mniambie wenyewe," alisema mwalimu. "Ni wakati gani mashine zenu zinanguruma na hazikoboi kitu?"

Watu wakatazama dari. Bi Kinu hakuwahi kukivumilia kimya. "Wakati wa kuitapisha!"

Ukumbi ulicheka, naye akasimama kueleza. Mpunga wa mteja ukiisha mdomoni mwa mashine, tumboni hubaki mchele kiasi. Marehemu mumewe alimfundisha kuiacha iendelee kuzunguka mpaka iteme yote, kisha kuizima, kufungua kidirisha cha chini na kufagia kwa kibrashi. Ndipo amimine mpunga wa mtu mwingine.

"Na dizeli inaungua muda wote huo?"

"Inaungua."

"Basi tuangalie hapo, mama. Pana hasara."

Watu walimpigia makofi, na Bi Kinu alikaa amejaa kama mkate uliopata hamira. Maneno ya mwalimu aliyabeba yote hadi nyumbani, isipokuwa lile moja la kwamba watatazama kwanza. Yeye kesho yake aliacha kabisa kuitapisha mashine.

Asubuhi ile mambo yalikwenda mbio. Mteja huyu akitoka, mpunga wa mwingine uko mdomoni. Hata fundi alisema, "Shemeji, leo umevaa mabawa." Wa mbele alikuwa mzee mmoja mwenye mpunga mwekundu. Nyuma yake akafuata Mama Mapacha.

Huyu Mama Mapacha ndiye aliyekuwa redio ya mtaa. Alipopeleka gunia lake ndipo wengine walipopeleka yao. Alikuwa amekuja na mpunga wake wa kunukia aliouweka tangu msimu uliopita, kwa sababu wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kumtembelea kwa mara ya kwanza. Alileta nusu ya kuanzia, na nusu nyingine aliiacha nyumbani. Mchele ukatoka, ukafungwa, akalipa, akaondoka anaimba.

Alirudi jua halijafika kati, ungo mkononi. Hakupiga hodi.

"Bi Kinu, hebu njoo unisomee. Mimi macho yangu mabovu."

Ndani ya ungo mchele ulikuwa mweupe, na humo ndani punje nyekundu zimetapakaa kama tetekuwanga. Bi Kinu hakuhitaji kuuliza zimetoka wapi.

"Mwenzangu, ni mimi. Sikuitapisha."

"Hukuitapisha! Wakwe zangu waseme nimewaokotea mchele chini ya mashine?"

"Lete nichambue mimi. Wote."

"Chambua roho yako," alisema Mama Mapacha. Akauchukua ungo wake na kutoka, na wateja wawili waliokuwa kwenye foleni walitazamana. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Gunia la mgonjwa huyo lilionekana baadaye ng'ambo ya barabara.

Fundi alisubiri mpaka pamekuwa patupu. "Kwa hiyo, shemeji, ndiko mnakosomea kufukuza wateja?"

Bi Kinu aliitapisha mashine, akafagia tumbo lake mara mbili.

Siku ya mwisho ya mafunzo alitaka asiende. Alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Ukumbini alikaa nyuma, na mwalimu alipouliza nani amejaribu kitu, Bi Kinu aliinuka kabla woga haujamkalisha. Alieleza yote, hata ungo. Hakuna aliyecheka, maana kila mwenye mashine alijiona yeye ndiye aliyeletewa ungo ule.

Mwalimu alivua miwani. "Nilisema tuangalie, mama, halafu sikuangalia nanyi. Hapo nimekosea. Niambie, wateja wako wanakujaje? Wamechanganyika?"

"Kama njugu na mawe. Mwekundu, mweupe, mwekundu, mweupe."

"Wakija wenye mpunga mwekundu watupu, utatapisha mara ngapi?"

Bi Kinu alihesabu kwa vidole. "Nitafagia kidogo tu kati yao, mtu apate chake. Kutapisha hasa, hadi chini, ni rangi inapobadilika."

Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba kutangaza zamu. Asubuhi wekundu, jua likipanda weupe. Kwa Mama Mapacha alibisha hodi, akajibiwa na kikohozi. Aliusemea mlango maneno yake, akaenda zake.

Kesho yake aliwakoboa wekundu wote waliokuja, na hawakuwa wengi. Kisha akaitapisha, akazima, akafungua kidirisha, akafagia hadi chuma kikang'aa. Weupe hawakuonekana. Fundi alikuwa amekaa juu ya ngazi, anachokonoa meno. Bi Kinu alipangusa palipokwisha kupanguswa. Ng'ambo ile ya kijani ilinguruma bila kupumzika. Aliwaza chuma chakavu, na mizani itakayopimia jasho la mumewe.

Mkokoteni ulitokea kwenye kona. Mama Mapacha alikuwa nyuma yake, kajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Ulifika katikati ya barabara, ukasimama. Alitazama kule, akatazama huku. Bi Kinu hakumwita. Aligeuka tu, akakiacha kidirisha cha chini wazi, mtu yeyote aone.

Gunia la ile nusu iliyobaki nyumbani liliangushwa mlangoni, pu!

Mama Mapacha hakusalimia. Aliinama, akaingiza mkono wake mwenyewe tumboni mwa mashine, akapapasa, akautoa na kuutazama kiganja. Kilikuwa kitupu.

"Nakaa hapa hapa," alisema, akivuta gunia tupu la Bi Kinu na kulikalia. "Na huyo fundi wako ashuke hapo juu, mchele wangu si sinema."

Fundi alishuka, akaenda kuushika mkanda. Bi Kinu aliwasha mashine.