Moyo wangu na mgeni aliyekosea nyumba

"Baba Neema, nafasi kati ya pigo na pigo zinafanana mno. Moyo wenye afya hubadilikabadilika," nesi ameniambia leo, akisoma kipimo cha moyo nilichovaa kifuani kutwa kucha.

"Ila hapa, jana jioni, moyo umechangamka. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Jamaa mmoja wa kijiji cha Mnyambe alikosea nyumba, akaingia kwangu. Tukaongea habari za korosho mpaka chai ikaisha, ndipo akashtuka: "Kumbe wewe si mkwe wa Mama Saidi?"

Nesi hakucheka. "Na siku nyingine huwa unaongea na nani?"

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Basi badala ya kujibu, nikamuuliza kipimo nitakivaa tena lini.

Jumatatu navaa kipimo tena. Mlioko Newala, jioni piteni, hata kwa kukosea.