Kadi ya Sauti Iliyosifiwa Kitengela Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa duka letu la ufundi pale Kitengela alinionyesha meza moja, kifaa cha kupigia solda na rundo la redio mbovu, akasema, "Mama Mwende, hapa ndipo utakapokula." Nikakaa. Ilikuwa miaka ya tisini, na wateja waliingia wakaniangalia, wakaniuliza fundi yuko wapi. Hata hilo silo lililonikasirisha zaidi. Ngojeni.

Kompyuta ndogo za mtumba zilipoanza kuingia, nyingi zilikuwa bubu. Ukitaka sauti, zinakupigia "pii", basi. Nikachora bodi yangu mwenyewe, ndogo kuliko kiganja, ya kuchomekwa nyuma ya kompyuta, pale pa printa. Kompyuta hutoa namba. Resista, yaani vipande vidogo vya kupunguza umeme, zilizopangwa kama ngazi huzigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, nao spika inauimba. Tuliiita kadi ya sauti. Siku ilipotoa wimbo wa kwaya mezani kwangu, nilipiga kigelegele peke yangu.

Meneja hakushangilia. "Watu wa hapa wanajenga," akasema. "Hapo kwa meza yako naweza weka mashine ya kuchomelea mageti. Tembea kwanza, uulize hao watu wanaofungua kompyuta kwa kujifurahisha. Wakiitaka kadi yako, tutaitengeneza na meza ibaki. Wasipoitaka, usinilaumu."

Basi nikatembea na ile bodi kwa kibeti, Kitengela nzima mpaka Kware. Mtaa wa Laiser Hill nilimpata mwalimu mmoja, kompyuta yake iko sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Niliichomeka bodi, ikaimba, akapiga makofi.

"Aki hii kitu ni nzuri, Mama Mwende! Umetuinua."

"Kwa hivyo unaitaka?"

"Wacha Mungu akubariki, mama. Azidi kukuinua."

"Asante, mwalimu. Lakini wewe, unaitaka?"

"Kunywa chai kwanza, inapoa."

Jamani! Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Watu wetu wamelelewa wasimkatalie mgeni usoni, kwa hivyo wananisifu, wananiandalia, wananisindikiza mpaka barabarani, na hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Nilikunywa chai mpaka nikaichukia. Nikajifunza polepole kwamba huku kwetu ukiombewa baraka, ujue umenyimwa.

Kajiado ndiko nilikompata Mzee Parsimei, aliyestaafu kazi ya udaktari wa mifugo, kompyuta yake ameifungua yote juu ya meza ya chakula.

"Takwenya!" akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia, nikaiwasha bodi. Akakunja uso.

"Mbona inalia kama nzi kwa chupa? Na hii solda umeimwaga kama uji. Nani alikufundisha?"

Damu ilinichemka. "Kama ni mbaya, nirudishie niende zangu."

"Sirudishi! Nataka kujua hiyo nzi inatoka wapi."

Niliondoka bila bodi, nimenuna mpaka nyumbani.

Meneja aliposikia habari za safari, akasema wote wanaoitaka waje dukani Jumamosi. Nikawapitishia ujumbe, wakaahidi wote, wengine kwa jina la Yesu. Kreti ya soda ikanunuliwa. Tukangoja. Alikuja mtu mmoja tu, Mzee Parsimei, bodi yangu ameifunga kwa karatasi ya sukari, na alianza kugomba kabla hajaketi.

"Umeona?" Meneja akaniambia. "Waliosifu hawakuja, na huyu aliyekuja anaitukana. Hakuna soko."

"Huyu ndiye soko!" Nilipiga meza. "Nani anatoka Kajiado mpaka hapa kugombania kitu asichokitaka? Nipe muda nitafute wengine kama yeye. Nilikuwa nauliza watu vibaya!"

"Muda niko nao wa mageti, Mama Mwende."

Wiki iliyofuata meza ilitolewa. Mzee Parsimei alirudi na lalamiko jipya, akakuta cheche zinaruka pale nilipokuwa nikikaa. Akasimama mlangoni.

"Meza iko wapi?"

"Imeondolewa, Mzee. Kadi haitatengenezwa."

"Na ndio nilikuwa nimeanza kuielewa!" Alinifokea kana kwamba ni mimi niliyeifukuza. "Sasa mimi nitagombana na nani?"



Baadaye nilipata kazi Kajiado kwa mkubwa mwingine, mtu mpole, nikatengeneza televisheni na redio mpaka macho yakakataa resista ndogo, nikastaafu. Sikuchora bodi nyingine. Vijana wananiambia, nyanya, si watu walikupenda tu? Kunipenda! Wangenipenda wangeniambia ukweli nikiwa bado na meza.

Mzee Parsimei alipofariki nilienda kumzika, na nililia mpaka watoto wake wakaulizana mimi ni nani. Wale wa chai na baraka wengi wako hai. Wananisalimia vizuri sana kanisani, na mimi bado sijawasamehe.