Siku Niliyoinyamazisha Feni ya Hita

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua huko Molo, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimevaa suti ya kuazima na viatu vinavyong'aa. Siku hiyo nilikuwa nawapeleka wazee wangu Kabazi wakaniombee mke. Aliitwa Wairimu, na sikuwa nimewahi kutaka kitu chochote kama nilivyotaka kusikia wazazi wake wakisema ndiyo. Nilikuwa na pikapu kuukuu niliyoinunua kwa jasho la viazi vya misimu minne. Nilitaka Kabazi nzima iione ikiingia.

Shida ilikuwa moja tu. Pikapu ilikuwa inalia. Si injini, injini ilikuwa nzima. Ilikuwa feni ya hita, ile inayokaa chini ya dashibodi upande wa abiria. Ukiiwasha inakwaruza kwanza, kisha inagonga ta-ta-ta-ta, na ukiongeza kasi inapiga mluzi mpaka mliomo ndani hamsikilizani. Shangazi Njoki, dada ya baba yangu, alipoisikia mara ya kwanza aliniuliza, "Na hiyo kuku umeifungia wapi?"

Jioni ya kuamkia safari nilikumbuka kwamba Baba Mkubwa, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, angeketi karibu na ile feni njia nzima. Nikaona aibu. Mwanangu, ningeweza kuifungua. Spana nilikuwa nazo na muda ulikuwepo. Badala yake nilichukua koleo, nikaingiza mkono chini ya dashibodi, nikaukata waya wa feni. Kukawa kimya. Nikaingia nyumbani nikamwambia Baba Mkubwa, "Ile kelele nimeitengeneza." Akanipongeza mbele ya watu. Nililala usingizi mzuri kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Asubuhi tuliondoka watatu: mimi kwenye usukani, Shangazi katikati, Baba Mkubwa dirishani. Wazee wengine walikuwa wametangulia na gari la jirani, watusubiri Kabazi. Nyuma, chini ya turubai, tulikuwa na kreti za soda, mablanketi na gunia la viazi. Makoti yetu yalikuwa yamelowa, na madirisha tumeyafunga kwa sababu ya mvua.

Sasa, wewe uliyekulia kwenye joto huenda ukafikiri hita ni anasa. Huku kwetu sivyo. Joto lile hutoka kwenye maji ya injini, na feni kazi yake ni kulisukuma mpaka kwenye kioo cha mbele ili kikauke. Bila feni, pumzi za watu watatu na makoti mabichi hugeuza kioo kuwa ukuta mweupe.

"Washa hita," Baba Mkubwa akasema hata kabla hatujafika Turi.

"Baridi si nyingi sana leo," nikajibu, kana kwamba aliniuliza habari za baridi.

Nikaanza kupangusa kioo kwa kiganja. Shangazi akasaidia kwa leso. Tukifungua dirisha, mvua inaingia na yeye analilia kilemba chake. Tukifunga, ukungu unarudi. Karibu na Elburgon nilikuwa naendesha nikichungulia kwenye kiduara kidogo kama cha sahani ya chai. Nikaona kitu cha kijivu mbele nikadhani ni ukungu.

"Punda!" Shangazi akapiga kelele.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu iliteleza kidogo, ikasimama kiganja kimoja kutoka kwenye mkokoteni uliojaa mitungi ya maziwa. Mwenye punda alikuja akagonga kioo, akainama akijaribu kutuona.

"Kwani kuna mtu huko ndani?" akauliza. Nilipofungua dirisha akaniangalia, suti na tai na yote. "Boss, ukitaka maziwa si uulize tu?"

Alikuwa anatania, lakini kwanza aliikagua mitungi yake mmoja mmoja. Alipoondoka, Baba Mkubwa aliniuliza polepole, "Hita iko wapi?"

"Imekataa."

"Jana ulisema umeitengeneza."

Sikuwa na pa kujificha. "Nilikata waya."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alisema tu, "Weka gari kando."

"Baba Mkubwa, tutachelewa! Wakitufungia lango je?"

"Tutachelewa. Na tukifika, ni wewe utawaambia kwa nini. Hayo mengine yote nitasema mimi, hilo sitasema. Vua koti."

"Na shati pia," Shangazi akaongeza. "Ama watadhani tumewaletea makanika."

Nilipiga magoti kwenye matope, mlango wa abiria wazi, Baba Mkubwa amenishikia mwavuli. Kwanza nilitoa kichwa cha betri, maana waya uliokatwa si wa kuchezea ukiwa na moto. Kisha nikatafuta skrubu tatu zinazoshikilia feni. Mbili zilitoka. Ya tatu ilikuwa na kutu. Nilijaribu mpaka bisibisi ikateleza ikanichuna vidole.

"Hii imekataa," nikasema.

"Wewe pia kataa," akasema Baba Mkubwa.

Basi nikakataa. Niliigonga kichwani taratibu kwa mgongo wa spana ili kutu ilegee, nikaegemeza uzito wangu wote kwenye bisibisi, nikaizungusha kidogo huku, kidogo kule. Mara ya nne ikasogea unywele mmoja. Ya tano ikatoka, na feni yote ikanishukia mikononi.

Mwanangu, ndani ya kile kizimba cha feni kulikuwa na shamba. Kulikuwa na maua makavu ya pareto, maana msimu mzima nilikuwa nabeba magunia ya pareto. Kulikuwa na majani ya saipresi yaliyoingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo, kwa sababu nilikuwa naegesha chini ya miti kila siku. Na katikati, panya alikuwa amejisokotea kiota kwa nyuzi za gunia. Shangazi alinipa sindano yake ya kufumia sweta, nikachokoa kila pengo. Nikaizungusha feni kwa kidole. Bado ilikuwa inakwama kidogo. Nikachovya kile kijiti cha kupimia oili, nikadondosha tone moja kwenye mhimili wake. Tone moja tu, kwa sababu mafuta mengi hunasa vumbi na ule mluzi unarudi. Nikaunga waya, nikaufunga tepu vizuri, nikarudisha kila kitu mahali pake na kichwa cha betri mwisho.

Nilipowasha, ilivuma kama nyuki aliye mbali. Kioo kikaanza kukauka kutoka chini kwenda juu, na barabara ikatokea. Kazi yote ilikuwa imechukua chini ya saa moja, kazi niliyokuwa nimeiogopa miezi mitano.

Kabazi tulifika tumechelewa sana. Lango lilikuwa limefungwa, wazee wetu waliotangulia wamesimama nje kama wanafunzi waliochelewa. Baba yake Wairimu alikuwa upande wa pili na mke wake.

"Chai ilipoa, tukapasha, ikapoa tena," akasema. "Kuna nini?"

Baba Mkubwa akanigeukia, akanyamaza kama alivyoahidi. Nikasema yote: koleo, waya, uongo, punda. Kucha zangu zilikuwa nyeusi na magoti ya suti ya watu yalikuwa na matope. Hakuna aliyecheka.

Mama yake Wairimu alizitazama kucha zangu. "Kwa hivyo nikikupa msichana wangu, siku akianza kulalamika utachukua koleo?"

Nilihisi kila kitu nilichokitaka kikiniponyoka. Maneno mazuri niliyokuwa nimejiandalia yaliisha yote. "Mama," nikasema, "hiyo ndiyo tabia niliyokuja nayo kutoka Molo. Leo njiani nimelazimishwa kufungua. Nitafungua tena."

Mama alishika komeo la lango akalivuta, lango likafunguka.

Baadaye, kama ilivyo desturi, Wairimu aliletwa mbele ya wazee akaulizwa kama anawajua wageni hawa. Alizungusha macho kwenye safu nzima ya makoti. "Nawajua," akasema. "Huyo wa kucha nyeusi ndiye wangu." Hapo ndipo nyumba yote ilicheka, na Baba Mkubwa akacheka kuliko wote.

Tumeishi pamoja miaka mingi, na amelalamika mara nyingi, ninashukuru. Mara nyingi alikuwa sahihi. Mara nyingine nilihitaji siku mbili za kuuliza na kusikiliza kabla ya kuona kilichonasa ndani.

Kwa hivyo nakwambia hivi, mwanangu. Kitu kikikupigia kelele, iwe gari, mwili wako, mtoto au mwenzako, usikimbilie kukinyamazisha. Kelele inakusumbua, lakini inakuonyesha pa kuangalia. Tenga saa moja, piga magoti, fungua. Utakuta mara nyingi ni takataka ulizoziingiza mwenyewe siku baada ya siku bila kujua, na zinatoka. Skrubu moja itakuchuna vidole, endelea. Na kama umeshakata waya, sema umekata, mapema, kabla punda hajatokea barabarani. Hujachelewa kuuunga.

Mungu akujalie masikio ya kusikiliza na mikono isiyochoka haraka. Akupe watu wa kukuambia "weka gari kando," na kila lango utakalolifikia ukiwa na ukweli likufungukie.