Fundi wa Moshi na Katalizeri ya Kilo Sita

Dola mia tatu na tano, na faranga elfu nne za mizani. Hiyo ndiyo gharama ya jambo zima. Nimeihesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia chini kwenda juu, na jibu limekataa kubadilika. Kwa fedha hizo ningepata mbuzi wanne na chumvi ya kuwalia. Mimi nilichopata ni gari linalonguruma na kutema moshi hata likiwa limesimama. Jumapili iliyopita nililisimamisha mbele ya kanisa, na mama anayeuza mikate pale langoni akanipungia kitambaa chake cha kufukuzia nzi. “Papa, zima kwanza ile kitu yako. Minye niko nauza mukate, haina samaki ya moshi.” Nikazima. Akafunika beseni lake, akanitazama kama mtu anayepima kama mteja ana fedha au hana, kisha akasema: “Yule muntu yako ya moshi alikufa. Alhamisi. Ilikuwa tension, damu ilipanda. Habakukuambia?” Hapana, hawakuniambia. Na sababu ya kutoniambia naijua, ndiyo maana leo safu hii haitazungumzia bei ya unga kama nilivyokusudia.

Wasomaji wa mtaa wa Kikula wameshamtambua. Wa mbali niwaeleze. Mji wetu wa Likasi una mafundi wa injini, mafundi wa magurudumu, mafundi wa umeme, na wengi ambao ni mafundi wa kila kitu, yaani wa hakuna kitu. Yeye alikuwa fundi wa moshi peke yake. Alishughulika na bomba linaloanzia chini ya injini mpaka linapotokea nyuma, na ukimwomba akutazamie breki alikuelekeza kwa jirani. Chini ya mabati yake alichomelea vyuma pale umeme wa bwawa la Mwadingusha ulipokuwa na huruma, na ulipokata alikaa juu ya tairi akisubiri, bila kulaani mtu. Shingoni alining’iniza kijitochi kwa kamba ya kiatu. Kila kipande kilichofika mikononi mwake, kipya au kikuukuu, alikiinua usawa wa jicho, akaweka mwanga upande wa pili na kuchungulia. Nilidhani ni mbwembwe za kumfanya mteja aone analipia elimu.

Mwaka jana gari langu lilianza kuchoka. Kwenye kilima cha kwenda mtaa wa Panda lilipitwa na baiskeli iliyobeba magunia mawili ya makaa. Fundi akalala chini yake, akatoka, akapangusa mikono. “Katalizeri imekufa,” akasema. Katalizeri, kwa msomaji anayetembea kwa miguu na kulala bila deni, ni kopo la chuma lililofungwa kwenye bomba la moshi. Ndani yake mna kitu chenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, kimepakwa madini ya thamani, na kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujafika puani mwa watu. La kwangu lilikuwa limeyeyuka na kuziba. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, ambayo nusu ya mji imeichagua, ni kuliondoa kabisa na kuunga bomba tupu kwa dola ishirini. Ya pili ni kununua adaptable, yaani kopo jipya ambalo si la kiwanda kilichounda gari bali limetengenezwa na wengine ili liingie mahali pale pale. Alikuwa nalo moja, dola mia moja na ishirini. Ya tatu ni origine, la kiwanda chenyewe, ambalo kwetu huku likiwa jipya halionekani, na likionekana bei yake inataka gari lingine.

“Ile tube tupu tunaacha,” akasema. “Moshi yako itaingia mu mapua ya nani? Ya ule mama ya mikate. Weye utakuwa mbele, hautaona. Kamata adaptable. Itafanya miaka tatu, ine.”

“Na origine ya kutumika?”

“Origine ya kutumika ni sawa na kuoa mujane ya tajiri. Jina iko, makuta ya mu benki bantu ya familia balishabeba.”

Nilicheka, lakini sikuridhika. Sisi tuliolelewa kando ya tanuru na mashimo ya madini tuna ugonjwa wetu, hatuamini kitu mpaka tukipime kilo. Nikaenda sokoni mwenyewe, nikampata kijana aliyetandaza vipuri juu ya turubai. Alikuwa na origine, imegongwa mhuri wa kiwanda, iliyotolewa, kwa maneno yake, kwenye gari la padri aliyeendesha polepole. Akataka mia nne. Nikatoa mia mbili. Nikaondoka, akaniita, nikarudi, akaapa, nikaondoka tena. Tukakutana kwenye mia mbili na sitini, na ninakiri kwamba nilipomhesabia noti nilikuwa namwonea huruma. Kisha nikafanya kile ambacho nadhani mtu wa mji mwingine asingefanya. Nikaipeleka kwa mnunuzi wa madini kando ya barabara, pale wachimbaji wanapopimishia magunia yao, nikamlipa faranga elfu mbili aiweke kwenye mizani. Kilo sita na gramu mia nne. Akaniandikia kwenye kikaratasi. Adaptable ya fundi nilikuwa nimeipima kwa mkono, haikufika hata kilo tatu na nusu. Nikapiga hesabu ya dola kwa kilo, nikatembea hadi Kikula nikipiga mluzi.

Fundi aliiinua usawa wa jicho, akawasha kijitochi. Akachungulia mbele, akachungulia nyuma. Sega lilionekana pande zote mbili. Lakini hakuishusha.

“Mwangaza inapita kidogo sana,” akasema. “Kama chini ya mulango ya muntu mwenye kulala. Chungulia weye mwenyewe.”

“Sina haja ya kuchungulia, ni vumbi. Padri alikuwa anakwenda vijijini. Na mizani imesema kilo sita na zaidi.”

“Papa Gazeti, weye ulinunua katalizeri ao makala ya kupikia? Juu ya nini unaniambia kilo, kilo tu?”

“Sema ukweli. Unataka kuuza adaptable yako.”

Akakizima kijitochi. Akaifunga, akachukua dola kumi na tano za kazi, na aliponirudishia ufunguo akasema tu: “Siku itakufa, usiite jina yangu.” Gari lililala kwake usiku mmoja, kwa kuwa umeme ulikatika katikati ya kuchomelea. Mkumbuke usiku huo.

Ikafa miezi miwili baadaye, kilima kile kile. Akaikata kwa dola kumi, akaunga bomba tupu la dola ishirini ili nifike nyumbani, akalipasua kopo mbele yangu. Sega lilikuwa kipande chembamba kama kaki mbele, na kingine nyuma. Katikati mlijaa saruji na kokoto nyeupe za chokaa, zile za machimbo ya Kakontwe ambazo mtoto yeyote wa hapa anazitambua, na kijibomba chembamba kimepenyezwa humo ili moshi upate pa kupitia. Joto lilipasua saruji, saruji ikaziba kijibomba. Uchimbaji wote wa maisha yangu haujawahi kunipa mawe ya bei ile.

Sasa, msomaji, mtu mwenye akili angesema: nimetapeliwa sokoni. Lakini kusema hivyo kulimaanisha kwamba ile bei niliyoipigania kwa saa nzima, ile huruma, ule mluzi, vyote vilikuwa vya mjinga. Ilikuwa rahisi zaidi kukumbuka kwamba gari lililala Kikula usiku mmoja. Nikamwambia usoni kwamba yeye ndiye aliyeitoa origine yangu, akaiuza kwa wale wanaonunua sega kwa ajili ya platini, na kunifungia saruji. Nikaenda nyumbani nikaandika. Mnaikumbuka safu ile kuhusu “fundi fulani anayekula ndani ya kitu na kukuachia ganda”. Sikutaja jina, kwa maana safu hii haitaji jina. Niliandika tu kwamba ana kijitochi shingoni. Katika mji wetu ni watu wangapi wenye kijitochi shingoni?

Wateja wake wakapungua. Naye alichofanya ni kuitundika ile katalizeri iliyopasuliwa kwenye msumari mlangoni pake, saruji ikitazama barabara, na aliyeuliza aliambiwa: “Ni ya Papa Gazeti. Alinunua kwa kilo.” Nikawa napita barabara ya nyuma. Nimezunguka barabara ya nyuma kwa miezi mitatu, kwa gari linalonguruma, nikidhani sionekani.

Kisha siku moja, nikitafuta risiti nyingine katika mfuko wa koti, nikapata kikaratasi cha mizani. Kilo sita na gramu mia nne. Nilikaa kitandani nacho. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, kitu hiki nilikuwa nimekipima mara moja tu. Nikaenda Kikula, nikaitoa kwenye msumari bila kuomba ruhusa, nikaipeleka kwenye mizani ile ile, faranga elfu mbili nyingine. Kilo sita na gramu mia nne kasoro kidogo, na hiyo kasoro ni vumbi la msumeno. Ilikuwa saruji tangu sokoni. Nilikuwa nimebeba ushahidi wa usafi wake mfukoni mwangu tangu kabla sijamshtaki.

Nikarudi, nikaitundika tena mahali pake, nikasema nilichopaswa kusema. Nilitegemea atakasirika, tuanze kupunguzana lawama kama bei. Akasema: “Uliandika mu gazeti. Utasafisha mu gazeti.” Nikasema Jumapili ijayo. Jumapili ile nikaandika kuhusu mashimo ya barabarani. Iliyofuata, kuhusu ada za shule. Kila wiki nilikuwa na jambo kubwa zaidi la kitaifa, na kila wiki msumari ulikuwa pale pale. Jumapili sita zilipita hivyo. Alhamisi, tension.

Nimekuwa nikiwaza tangu hapo kuhusu mji wetu na hayo maneno mawili, origine na adaptable. Tunaiheshimu origine kwa sababu ya mhuri ulio juu yake, na papo hapo sisi wenyewe ndio tunaoipasua na kuuza cha ndani. Tuna desturi hiyo ya kuuza cha ndani. Muulize yeyote aliyewahi kuona vilivyotoka mgodi wa Shinkolobwe na vilivyobaki. Fundi yule, baba yake aliletwa kwa treni kutoka mbali kuja kufanya kazi kiwandani, mama yake alikuwa wa wavuvi wa mto Lufira. Kuna mwaka wa kufukuza “wageni” ambao watu walimuuliza kwa ukali yeye ni mwenyeji wa wapi hasa. Aliwajibu: “Minye ni adaptable. Balinileta, nikaingia, niko natumika.” Nusu ya waumini wa misa ya kwanza wangeweza kujibu hivyo hivyo, kama wangekuwa na ucheshi wake. Na mwanga ulipita ndani yake kutoka mwisho hadi mwisho. Hilo halionekani kwenye mizani.

Jumatatu mchana nilikwenda kilioni, gari nikaliacha mbali. Wanaume kwenye viti vya plastiki walinisogezea nafasi polepole kuliko kawaida. Baada ya muda mjane wake akaniita nyuma ya nyumba. “Papa Gazeti, kuya huku.” Akafungua kiroba. Ndani mlikuwa na ile adaptable, na juu yake fundi alikuwa ameandika kwa chaki: GAZETI. “Alikuwekea tangu mvua ya kwanza,” akasema. “Bantu balitaka kuinunua, akakatala. Ni dola mia moya na makumi tano.”

Mungu anisamehe, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. “Mama, mimi aliniambia mia moja na ishirini.”

Hakukasirika. Aliweka kiganja mdomoni akacheka, mabega yakitikisika, mpaka dada zake wakachungulia kuona kulikoni. “Alisema utasema vile. Alisema, ukimwambia mia na makumi mbili, atapunguza mpaka makumi munane, na batoto batakula nini? Mwambie mia na makumi tano. Atapunguza mpaka mia na makumi mbili, na atalala muzuri.” Nikanyoosha mkono kuchukua kiroba. Akakivuta kwake. “Hapana. Alisema gazeti kwanza, makuta nyuma.”

Basi gazeti ni hili. Fundi wa moshi wa Kikula, mwenye kijitochi shingoni, hakuniibia chochote. Saruji niliinunua mwenyewe, sokoni, mchana, nikaipimisha kwa furaha na kuambiwa nichungulie nikakataa. Mjane wake ana haki ya kuondoa kopo lile kwenye msumari, au kuliacha, nami nikipita nitapita barabara ya mbele. Funzo ni dogo, nalo limenigharimu dola mia tatu na tano: kitu ambacho kazi yake ni kupitisha, usikipime kwa uzito wake, tazama kama mwanga unapita. Mtu naye ni hivyo.

Limebaki jambo moja, na hapo naomba ushauri wenu kabla ya Jumapili, maana mama wa mikate ameapa kuhamia kanisa jingine. Nikilipa mia na hamsini bila kufungua mdomo, nitakuwa nimeharibu hesabu ya mtu aliyenijua kuliko ninavyojijua, na mjane atadhani mimi ni mgonjwa. Nikilipa mia na ishirini, nitakuwa nimepunguza bei kilioni. Ninyi mngelipa ngapi?