Picha ya Kichwa cha Bénit

Kila asubuhi Mama Marlène, dada mkubwa wa mama yangu, humwekea mwanawe Bénit chai na kugeuza kikombe mpaka mkono wa kukishikia uelekee mlangoni. Ukielekea ukutani, Bénit hanywi. Ana miaka saba, hasemi, na ukimshika ghafla anapiga yowe mpaka majirani wanatoka nje.

Kwenye chumba chetu cha maombi, pale Nakawa, Kampala, kiongozi wetu Papa Anselme alisema ni pepo. Alitaka mtoto alale palepale, anyimwe chakula mpaka pepo litoke. Mama Marlène hakubishana. Anauza vitenge, anajua kupatana bei.

"Papa, ngoja kwanza apigwe picha ya ubongo. Ikionyesha ugonjwa, utamwacha."

"Na ikitoka safi?"

"Nitamleta."

Alijibu haraka. Niliona alivyoiamini picha ile.

Daktari Acan, anayefanya utafiti wa watoto wenye usonji, alituonya kwamba mashine inagonga kwa kelele na mtoto lazima atulie. Basi, ili azoee kelele, kila jioni tukampeleka sokoni kwa Oketch, mwenye mashine ya kusaga mahindi ya posho. Tulimlaza juu ya magunia, pamba masikioni.

"Mama Bénit, leo tunasaga mahindi ama mtoto?" Oketch alitania.

"Saga kelele tu, shemeji. Mtoto nitarudi naye."

Mwanzoni Bénit alikimbia. Baadaye akawa anatangulia mwenyewe, anaweka shavu kwenye gunia na kusikiliza mtetemo. Siku ya picha hakutikisa hata kidole.

Daktari akaitazama picha. "Sioni kasoro yoyote."

Mama Marlène akaketi. "Kwa hiyo hana kitu?"

"Ana usonji, mama. Hilo tulilijua kwa kucheza naye na kukuuliza wewe. Picha tunakusanya za watoto wengi, kompyuta itafute tofauti ndogo ndogo. Kwa mtoto mmoja peke yake, picha bado haiwezi kutuambia ndiyo wala hapana."

Jumamosi Mama Marlène akampeleka Bénit kwenye maombi, kama alivyoahidi. Papa Anselme akainua picha dirishani.

"Safi kabisa! Kama ubongo ni mzima, hilo ni nini kama si pepo?"

Watu wakaitikia amina. Mkeka ukaletwa.

"Papa, nilipatana vibaya," Mama Marlène akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilidhani picha itamwona mtoto wangu. Bado haijui kumwona. Mimi ninamwona kila siku, na simwachi hapa na njaa."

"Uliahidi, mama!"

"Niliahidi kwa kutojua. Sasa najua."

Bénit alikuwa kando ya meza, amekwisha kugeuza kikombe cha Papa Anselme, mkono unaelekea mlangoni. Mama Marlène akachukua picha yake, akamsogezea mtoto kidole kimoja bila kumgusa. Bénit akakishika mwenyewe.

Wakatoka. Mimi nikawafuata na viatu vyao mkononi. Chumba kile hakikumwona Mama Marlène tena.