Tantine Alivyomwandikisha Komanda wa Waasi Kwenye Klabu

Siku tantine Adélaïde alipomvisha komanda wa waasi kofia ya klabu, katikati ya soko la Nyawera, muuza ndizi mmoja alitema mate chini akasema, "Huyu mwanamuke amekwisha kuuza Bukavu."

Soko zima lilisikia. Tantine pia alisikia.

Alikuwa anahangaika na kofia, maana kichwa cha komanda kilikuwa kikubwa na kofia za klabu zilishonwa kwa vichwa vya walimu.

Tantine mwenyewe, shangazi yangu, ameniruhusu kuyaeleza haya, kwa sharti nisimfanye mtakatifu. Sharti jepesi sana.

Ilikuwa mwaka 1999. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, mishahara imebaki jina tu, na barabara zote zilikuwa za mwenye bunduki.

Na katikati ya balaa hilo, kulikuwa na watu Bukavu waliovaa tai kila Jumamosi wakaenda kuzibua mtaro.

Hiyo ndiyo Cercle, klabu ya huduma. Walimu, makarani, watu wa mashirika. Rais wao alikuwa papa Raphaël, assistant, yaani mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, mtu ambaye hata salamu yake ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho.

Mwaka huo walikuwa na kampeni: kila memba alete memba mmoja mpya.

Hakuja mtu.

Watu wa Bukavu wakisikia "kazi ya bure kwa ajili ya jamii" wanakumbuka salongo, ile kazi ya lazima ya enzi za Zaire, unatolewa ndani ya nyumba yako ukafyeke majani huku mkubwa amekaa kivulini. Sasa wanaambiwa waje wenyewe, tena wakitabasamu.

"Kuko per diem?" vijana waliuliza.

Hakuna.

"Kuko beignet, hata andazi moja?"

Hakuna.

"Basi kuko nini?"

Kuko kofia.

Aliyewacheka kuliko wote alikuwa Zagabe, mdogo wake tantine, fundi redio pale pale Nyawera. Kila wakikaa kula, tantine alimhubiria kanuni za Cercle mpaka ugali unapoa. Anayechelewa kikaoni anaimba akiwa amesimama. Parrain, yaani yule anayewaleta wapya, hawezi kuja kikaoni akawaacha wapya wake nyuma. Na memba asipoonekana, anayetumwa kumtafuta ni memba mpya kuliko wote. Kanuni hii ya mwisho ilitungwa kwa ajili ya wagonjwa wa malaria na wale walioshindwa na bia.

"Yaya," Zagabe alimwambia dada yake, "batu banakimbia kazi ya bure. Weye unaitafuta, na kofia juu."

Kisha Zagabe akachukuliwa.

Alikuwa anaenda kutengeneza redio ya watu upande wa Kavumu. Pale Miti askari walisimamisha gari, wakachagua wanaume wenye mabega. Wakawatwisha masanduku ya risasi, wakawaingiza msituni kwenye barabara ya Bunyakiri. Mwanamke aliyekuwa ndani ya gari hilo ndiye aliyerudisha nyumbani mfuko wa bisibisi wa Zagabe.

Mama yao, maman Godelive, hakulia. Alikaa mlangoni, akaacha kula.

Kila mtu mjini alijua habari za wale wabebaji. Anayechoka njiani habebwi, na haachwi akiwa hai.

Tantine alikimbia kila mahali. Parokiani, kwenye mashirika, kwenye kambi ya askari. Kote walimpa pole. Angekuwa anauza pole, angekuwa tajiri.

Jumamosi ikafika. Akaenda mtaroni kama kawaida, kwa sababu nyumbani kulikuwa hakukaliki.

Wakiwa ndani ya matope hadi magotini, jeep ya komanda ikasimama. Aliitwa Komanda Steve. Jina la kwao hakuna aliyelijua, na hakuna aliyeuliza.

"Nani anawalipa?" akasema.

"Hapana mutu, mon commandant," papa Raphaël akajibu.

"Minauliza na upole. Nani anawalipa?"

"Tunajitolea."

"Munajitolea kwa nani? Kwa Kinshasa?"

"Kwa mutaro, mon commandant."

Komanda akamtazama kuanzia tai mpaka buti. "Weye unafanya kazi gani?"

"Niko assistant ku université."

"Na unatoa takataka ya batu bure." Akawageukia walinzi wake. "Hawa haiko maadui. Bako bagonjwa."

Walinzi wakacheka. Klabu nayo ikacheka, shingo upande.

Tantine hakucheka. Kichwani kanuni moja ilikuwa inamzunguka kama nzi. Akapanda kutoka mtaroni, akavua kofia yake.

"Commandant, siye hatukamati kila mutu ku klabu," akasema. "Tunachagua. Batu bakubwa ba mji huu banaomba kuingia na tunabakatalia."

Uongo mtupu. Hata wadogo walikuwa wanaombwa kwa magoti.

Komanda akasogea karibu. "Bakubwa gani?"

"Siwezi kubataja. Lakini weye, leo leo tunakukubali."

Ndipo kofia ikavalishwa, ndipo mate yakatemwa.

Na kwa kweli muuza ndizi alikuwa na haki. Usije ukampenda huyo komanda. Watu waliopotea, ni askari wake waliowapoteza.

Wiki hiyo tantine aliijua Bukavu vizuri. Majirani waliacha kuitikia salamu. Kanisani alikaa kwenye benchi zima peke yake kama askofu. Wenzake wa Cercle walimwambia ameingiza mikono yenye damu ndani ya klabu, naye akakubali, maana ilikuwa kweli.

Kikao kikafika. Komanda akachelewa, akaingia na walinzi, akakaa.

Watu wakasogeza viti mbali naye.

"Monsieur le Président," tantine akasema, "kuko kanuni."

Papa Raphaël alitamani ardhi ipasuke. Lakini mtu ambaye maisha yake yote ameheshimu kanuni hawezi kuacha ghafla, hata akiogopa. Akamweleza komanda, kwa utangulizi, kiini na hitimisho, kwamba anayechelewa anaimba.

Komanda aliangalia huku na huku. Kisha akasimama, akaimba wimbo wa watoto wa shule ya msingi, na mikono akaipeperusha kama mabawa. Aliimba vibaya. Watu walipiga makofi kuliko walivyowahi kumpigia padri.

Akakaa, anatabasamu. Tantine akasimama kabla tabasamu halijapoa.

"Monsieur le Président, memba Zagabe haiko. Kanuni inasema memba mupya kupita bote njo anaenda kumutafuta."

Walimu wakaangaliana.

Kila mtu chumbani alijua Zagabe hakuwa memba. Walijua alivyowacheka barabarani. Komanda akamgeukia papa Raphaël.

"Ni kweli? Huyo Zagabe iko mutu yenu?"

Papa Raphaël alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tantine anasema pale aliona mdogo wake akifa na kufufuka.

"Ni kweli," papa Raphaël akasema. "Zagabe iko memba. Tena memba wa nguvu."

Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote alizowahi kusema.

"Iko wapi?" komanda akauliza.

"Baaskari yako balimubeba ku Miti," tantine akasema. "Anabeba risasi zenu ku Bunyakiri."

Komanda akaishika kofia yake. Alikwishaelewa kwa nini alivishwa kofia, hakuwa mjinga. Lakini alikuwa amekaa mbele ya walimu waliompigia makofi, na aliyapenda yale makofi.

"Nitaita na radio," akasema. "Kanuni ni kanuni."

Siku chache baadaye lori likasimama Nyawera. Tantine alikuwa amefika kabla yake.

Wakashuka wanaume. Mabega yamechubuka, miguu imevimba. Wakaendelea kushuka, hawaishi. Mzee mmoja, mkulima wa Bunyakiri, akamsogelea.

"Maman, hapa njo ku klabu?"

"Klabu gani, papa?"

"Siye tuko bamemba."

Aliitwa papa Télesphore, na yeye ndiye aliyeeleza. Askari walipofika kambini na kumwita memba Zagabe wa Cercle, Zagabe alisimama akasema yeye ni parrain, na kwa kanuni parrain hawezi kwenda kikaoni akawaacha wapya wake. Wapya wake ni akina nani? Akawaonyesha wabebaji wote.

Afisa wa kule alipiga radio mjini kuuliza. Komanda Steve akajibu: sawa, walete, lakini nusu yao wahesabiwe kwamba amewaleta yeye.

Ndiyo. Alitaka kushinda kampeni.

"Na Zagabe?" tantine akauliza. Lori lilikuwa limebaki tupu.

Papa Télesphore akainamisha kichwa. "Ule afande alisema bote haiwezekane. Mubebaji mumoja abakie, mupaka bataleta bengine. Zagabe akasema atabakia yeye."

Tantine alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Ameniambia wazi kwamba aliwachukia wale wanaume. Alifurahi kwa ajili ya mama zao na aliwachukia, vyote kwa pamoja. Alikuwa ameuza jina lake kwa mji mzima, akarudishiwa kaka za watu wengine.

Alipomfuata komanda, aliambiwa, "Memba mumoja mulitaka, nimeleta lori nzima. Munataka nini tena? Medali yangu iko wapi?"

Na barabara ya msituni ikafungwa kwa mapigano. Lori halikurudi Bunyakiri.

Jumamosi iliyofuata, Cercle walipofika mtaroni walikuta kazi imeanza. Wale wanaume walikuwa ndani ya matope. Wachache tu walikwenda makwao, wengine walilala parokiani wakisubiri.

"Parrain yetu haiko," papa Télesphore akasema. "Alituambia kanuni: memba mupya njo anamutafuta. Siye njo bapya."

Papa Raphaël akashtuka. "Papa, ile kanuni tuliitunga kwa mambo ya malaria. Hatukuwaza vita."

"Inasema vita hapana?"

"Haisemi."

"Basi."

Papa Raphaël akaanza kueleza hatari. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, na si wengi wanaoweza. Kisha akasema kwao milimani kila nyumba inatoa bega kwa ajili ya kipoyi, ile machela ya kubebea mgonjwa hadi hospitali. Anayehamia kijijini ndiye anayebeba wa kwanza. "Na siye tuko na klabu, papa. Hatuna kofia tu."

Wakaondoka. Hawakupita barabarani, walipita njia za mashamba wanazozijua wao.

Maman Godelive aliendelea kukaa mlangoni. Tantine akakaa naye.

Mchana mmoja kipoyi kikateremka Nyawera, kimebebwa na wanaume wanne, wengine nyuma wakisubiri zamu ya bega. Juu yake mtu amefunikwa blanketi mpaka kichwani.

Wauzaji wakasimama. Wanawake wakaanza kulia, kwa sababu kila mmoja alielewa kinachobebwa hivyo. Tantine alifika mbio, akashika mti wa kipoyi.

Blanketi likasogea. Mkono ukatoka, ukafukuza nzi.

"Munamulilia nani?" Zagabe akauliza.

Mguu wake ulikuwa umeoza kidonda na homa ilikuwa inamtetemesha, ila mdomo ulikuwa mzima kabisa. Wenzake walikuwa wameingia kambini wakiuza kasiksi, pombe ya ndizi, wakawauzia walinzi kwa bei ya hasara mpaka walinzi wakalala mchana kweupe. Mengine yalikuwa kazi ya mabega.

Papa Raphaël akapanda juu ya jiwe, akakohoa, akafungua mikono.

"Papa Raphaël," Zagabe akasema, "fupisha. Batu banachoka."

Alipona. Anachechemea mpaka leo. Komanda Steve alihamishwa mbali, akaondoka na kofia ya Cercle kichwani, na hakuna aliyeidai. Zagabe hajawahi kuhudhuria kikao hata kimoja, ingawa hakuna memba aliyewahi kuleta watu wengi kama yeye.

Ila kuna jambo tantine hakulielewa kwa muda mrefu. Watu wameponea chupuchupu, kwa nini warudi kule? Kwa ajili ya kanuni ya watu wa tai?

Akamuuliza papa Télesphore.

Mzee akasema ule afande hakuwa mpumbavu. Zagabe alipodai wale wote ni wapya wake, afande alimwambia, kama ni wako, wataje.

Zagabe akaanza kwa wa karibu yake. Huyu ni fulani, wa kijiji fulani. Huyu ni mwenzake, mke wake ana mimba. Akaenda hivyo hadi wa mwisho, hakukosea hata mmoja. Wakati wanapanda mlima na masanduku kichwani, kila mtu akitazama miguu yake, yeye alikuwa anauliza watu majina.

"Ku ile msitu tulikuwa mizigo," papa Télesphore akasema. "Yeye alituita na majina yetu."

Tantine anasema kampeni yao yote ilikosea mlango. Walizunguka mji na kofia, wakimwambia kila mtu klabu inamhitaji. Ukitaka mtu awe wako, muulize anaitwa nani siku ambayo huna shida naye.